Uzito na Mnato Katika Uji wa Kuzibia Mashimo ya Migodi

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kama kwingineko, uji wa ulezi huitwa mzito kwa jinsi umwagikavyo polepole, wala si kwa mizani. Uji huo ukitiwa unga wa kimea ungali vuguvugu, baada ya muda mfupi huwa mwepesi, ingawa hapana kilichotolewa chunguni. Vimeng'enya vya kimea vimekata minyororo mirefu ya wanga. Uzito umebaki, kilichopotea ni mnato.

Tofauti hiyo ina maana kubwa migodini. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, huchimbwa dhahabu, si makaa ya mawe. Lakini wachorongaji wa miamba ya aina zote mbili hutumia tope la bentonaiti au la polima. Ili kupima kanieneo ya gesi katika tabaka la makaa, shimo huchorongwa hadi tabakani, kisha uji wa kuzibia husukumwa baina ya vizibo viwili kwa kanieneo iliyozidi ile ya gesi, upate kujaza nyufa. Uji ukipoteza mnato, kwa joto la mwamba au kwa bakteria walao polima, huvujia nyufani; gesi nayo hupata njia, na geji huonyesha pungufu. Wachimbaji huweza kuingia penye hatari wakidhani ni salama.

Hapo neno laweza kupoteza. Fundi aambiwaye "ongeza uzito" aweza kutia baraiti, madini yaongezayo uzito wa tope, ilhali minyororo iliyokatika haiungwi kwa baraiti. Aambiwaye "tunza mnato" atatia bentonaiti au polima, atasafisha mapipa, na kutia dawa ya kuzuia bakteria. Vipimo navyo ni mbalimbali: uzito hupimwa kwa mizani, na mnato hukadiriwa kwa faneli iliyoelezwa na H. N. Marsh mwaka 1931. Maji safi, mililita 946, hupita humo kwa sekunde 26 hivi. Tope lenye mnato mkubwa hukawia zaidi.

Ni kweli kwamba mnato watokana na nata, kitenzi kisemwacho pia juu ya gundi. Hata hivyo hauchanganyiki na mizani. Kwa hiyo yafaa maelekezo ya migodini yatumie mnato, na uzito uachiwe mizani na jiko.