Baruti Nyingi Si Shabaha Njema

Watu wengi huamini kwamba mwenye gobori akitaka risasi yake iende mbali na kupiga barabara, hana budi kuongeza baruti. Imani hii nimeisikia kijijini kwetu, ambako wazee hutumia magobori kuwafukuza nguruwe na nyani mashambani, na nimeisikia pia hapa shuleni katika mabishano ya bwenini. Yaelekea kuwa kweli, kwa maana baruti ndiyo chakula cha bunduki. Lakini wahenga walisema, usiandikie mate na wino ungalipo. Jambo hili limekwisha pimwa tangu zamani, na vipimo vyatoa jibu jingine. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi vipimo hivyo vilivyofanywa, kwa sababu jibu lake laweza kuokoa vidole vya mtu, hata uhai wake.

Kwanza yafaa tuelewane gobori ni nini. Ni bunduki inayopakiwa kwa mdomo. Mpigaji humimina baruti ndani ya mtutu, huweka risasi juu yake, kisha hushindilia kwa mdeki mpaka risasi ikalie baruti. Moto huletwa na fataki ndogo iliyowekwa nyuma ya mtutu, au, katika bunduki za zamani zaidi, huletwa na cheche za jiwe la gumegume. Bunduki za siku hizi hutumia risasi zilizokwisha tiwa baruti kiwandani, na mpigaji hana la kuamua. Katika gobori mpigaji mwenyewe ndiye kiwanda. Akikosea kipimo, hakuna mwingine wa kumsahihishia.

Baruti yenyewe ni nyeusi, nayo ni mchanganyiko wa vitu vitatu: katika kila sehemu 100, shura ni sehemu 75, makaa 15, na salfa 10. Ikiwaka hutoa gesi nyingi yenye joto kali, na gesi hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki kuwa gesi hata kidogo. Hutoka kama moshi mzito, au hubaki ndani ya mtutu kama masizi. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Sasa mtu atauliza, mwendo wa risasi utapimwaje, na haionekani kwa macho? Kwa muda wa miaka mingi wapiga mizinga wa Ulaya walikisia tu, kwa kutazama risasi imeangukia wapi. Aliyepata njia nzuri ni Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, aliyezaliwa katika mji wa Bath mwaka 1707. Katika kitabu chake kilichotolewa London mwaka 1742 alieleza chombo rahisi sana. Alitundika bamba la chuma lililobandikwa ubao mnene, likaning'inia kama bembea. Chombo cha namna hii huitwa pendulamu. Uzito wake wote ulikuwa kiasi cha ratili 56. Kisha aliupiga ubao ule risasi yenye uzito wa sehemu moja ya kumi na mbili ya ratili. Risasi ikazama katika ubao, na bembea yote ikasukumwa nyuma. Utepe uliofungwa chini yake ulionyesha imekwenda nyuma kiasi gani.

Hapa ndipo somo letu la fizikia linapoingia. Ukizidisha uzito wa kitu kwa mwendo wake unapata kiasi ambacho hakipotei vitu viwili vinapogongana. Kilichokuwa katika risasi peke yake huenea katika risasi na ubao pamoja. Kwa kuwa ubao ni mzito kuliko risasi kwa zaidi ya mara 670, mwendo wake nao huwa mdogo kwa kadiri hiyo. Risasi ikija kwa mwendo wa futi 1,650 kwa sekunde, bembea itakwenda kama futi 2 na nusu tu kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole. Basi Robins aliugeuza mwendo usioonekana kuwa mwendo unaoonekana. Alikuta kwamba risasi za bunduki za wakati ule ziliweza kutoka kwa zaidi ya futi 1,600 kwa sekunde, yaani upesi kuliko sauti.

Muhula huu sisi wanachama wa chama cha sayansi tulifanya jaribio hilo hilo kwa manati, mwalimu wetu akisimamia. Tulijaza udongo wa mfinyanzi katika kisanduku mpaka kikawa na gramu 490, tukakitundika kwa nyuzi nne mbele ya ukuta, tukakipiga gololi ya gramu 10. Pamoja vikawa gramu 500, yaani mara 50 ya uzito wa gololi. Kisanduku kilipanda sentimita 3.2. Kwa hesabu ya kidato chetu, kitu kinachopanda kimo hicho kimeanza na mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 50, utaona kwamba gololi ilikuja kwa mita 40 kwa sekunde. Walioshikilia kwamba mwendo wa gololi haupimiki walinyamaza.

Baada ya Robins alikuja Charles Hutton. Huyu alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Newcastle, naye mwenyewe alifanya kazi machimboni ujanani, lakini kwa kupenda hisabati akawa mwalimu wa somo hilo katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Yeye alitumia pendulamu kubwa zaidi kwa risasi za mizinga, na matokeo yake yalimpatia Nishani ya Copley mwaka 1778. Kanuni aliyoiona ni hii: mwendo wa risasi hauongezeki sawasawa na baruti, bali huongezeka kama kipeuo cha pili cha uzito wa baruti. Maana yake ni kwamba anayetaka mwendo mara mbili atahitaji baruti mara nne. Sababu si ngumu kwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Nguvu anayobeba mpigwa ni ile nishati ya mwendo, nayo hufuata mraba wa mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati ni mara nne, na nishati yote yatoka katika baruti.

Tutoe mfano. Baruti hupimwa kwa greini, kipimo kidogo sana cha uzito. Gramu moja ina karibu greini 15 na nusu. Mtu aliyezoea kutia greini 60 akaongeza mpaka 90, ameongeza nusu nzima ya baruti yake. Kipeuo cha pili cha 1.5 ni 1.22. Basi, kwa kanuni ya Hutton, anapata mwendo zaidi kwa sehemu 22 tu katika 100. Na hizo nazo hazifiki zote kule aendako, kwa sababu upo mpinzani mwingine, yaani hewa. Robins aligundua kwamba hewa huizuia risasi ya duara iendayo kasi kwa nguvu inayozidi uzito wa risasi yenyewe zaidi ya mara mia moja. Kadiri risasi inavyokwenda kasi, ndivyo hewa inavyoipinga zaidi. Faida iliyonunuliwa kwa baruti nyingi huliwa njiani.

Hata hivyo mwendo si shabaha. Risasi yaweza kwenda kasi na kukosa. Kwa hiyo wapiga shabaha wa magobori wana kipimo chao cha pili. Huko Marekani mchezo huu unapendwa sana, na chama chao cha taifa, kilichoanzishwa mwaka 1933, kina uwanja katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Njia wanayoifuata mpigaji anapotafuta kipimo kinachoifaa bunduki yake ni kama hivi. Huilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, ili mkono usitetemeke. Huweka shabaha mbali kiasi cha yadi 50. Huanza na baruti kidogo, tuseme greini 50, akapiga risasi tano. Kisha hubadilisha karatasi ya shabaha na kupiga tano nyingine kwa greini 55, kisha 60, na kuendelea hivyo, bila kuvuka mpaka uliowekwa na mtengenezaji wa bunduki. Baada ya kila risasi hupangusa mtutu kwa kitambaa, kwa sababu yale masizi niliyoyataja huufanya mtutu uwe mwembamba na mkavu, hata risasi ya tatu isipite kama ya kwanza. Mwisho hupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi katika kila karatasi.

Angalieni jinsi kazi hii inavyofanana na ya maabara. Kinachobadilishwa ni kitu kimoja tu, baruti. Risasi ni zile zile, kitambaa kinachozungushiwa risasi ni kile kile, na mkono washindilia kwa nguvu ile ile. Mtu akibadilisha viwili kwa pamoja, hataweza kujua ni kipi kilicholeta tofauti.

Mara nyingi kinachoonekana ni kwamba matundu hukaribiana kadiri baruti inavyoongezwa, mpaka hufika kipimo fulani ambapo yako karibu kuliko yote. Baada ya hapo hutawanyika tena. Vitambaa vinavyookotwa mbele ya bunduki hueleza sababu. Penye kipimo chema kitambaa huanguka kizima, kimeungua kidogo tu katikati. Baruti ikizidi, huokotwa kimechanika au kimeunguzwa. Kitambaa kilichochanika hakiwezi kuishika risasi katika michirizi ya mtutu, na risasi isiyoshikwa haizunguki vizuri, na isiyozunguka vizuri hupeperuka. Isitoshe, bunduki yenye baruti nyingi humpiga mpigaji begani, naye huanza kufumba macho kabla ya kufyatua.

Ushahidi mkubwa kuliko yote kwamba shabaha haimo katika wingi wa baruti ulitokea Uingereza mwaka 1857. Serikali ilishindanisha bunduki mbili za kupakiwa kwa mdomo, ile ya Enfield waliyoitumia askari, na mpya iliyobuniwa na fundi Joseph Whitworth. Baruti ilikuwa karibu sawa, kama greini 70, na risasi zilikuwa karibu za uzito mmoja, kama greini 530. Kwa umbali wa yadi 500, risasi za Enfield zilipotoka kwa wastani wa inchi 27 hivi. Za Whitworth zilipotoka inchi 4 na nusu. Whitworth hakuongeza baruti. Alitengeneza mtutu mwembamba zaidi, wenye pande sita ndani, unaoizungusha risasi kwa kasi, na aliupima kwa uangalifu mkubwa.

Sasa nije nyumbani. Magobori mengine ya vijijini huundwa na mafundi kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kuwa mitutu. Bomba la namna hiyo halijapimwa na yeyote, na hakuna ajuaye litavumilia baruti kiasi gani. Jirani yetu mmoja alitaka kumkomesha nguruwe aliyekuwa akimaliza mihogo yake, akatia baruti maradufu. Mtutu ukapasuka karibu na mkono wake wa kushoto, naye akapoteza vidole viwili. Nguruwe alikwenda zake. Mzee huyo ni fundi hodari wa kushona mikeka, na tangu siku ile mikeka yake humaliziwa na mkewe. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na mtutu nao ni vivyo hivyo.

Simwambii msomaji yeyote ajaribu bunduki. Katika Tanzania hakuna ruhusa ya kushika silaha bila kibali, na gobori ni silaha kama nyingine; tunayo sheria ya mwaka 2015 inayosimamia jambo hilo. Lakini likizo yaja, na wengi wetu tutarudi katika nyumba ambazo baba au babu anayo gobori yenye kibali. Tunaweza kuwapelekea mambo manne, kwa adabu impasayo mtoto.

La kwanza, baruti isimiminwe kwa kukisia, wala isimiminwe moja kwa moja kutoka katika pembe au chupa, kwa maana kaa dogo likiwa bado linawaka mtutuni laweza kuilipua pembe nzima mkononi. Itiwe kwanza katika kikombe kidogo cha kipimo kile kile kila siku. La pili, mdeki utiwe alama panapofikia mdomo wa mtutu wakati risasi imekalia baruti vizuri. Alama ikibaki juu, ama risasi haijafika chini, ama bunduki ilikuwa imekwisha shindiliwa tangu jana. Risasi iliyoachana na baruti yake hupasua mtutu hata kama baruti ni kidogo. La tatu, baruti ya risasi za bunduki za kisasa isitiwe katika gobori kamwe, kwa kuwa nguvu yake ni kubwa mno kwa mtutu huo. La nne, mtutu ambao haukuundwa kuwa mtutu usiaminiwe, hata kama umepiga salama mara mia.

Mzee akiuliza mtoto wa shule amejuaje mambo hayo, achukue kisanduku, udongo na nyuzi nne, amwonyeshe.