Kodi ya miezi sita inapokutana na Januari

Dar es Salaam. Baba mwenye nyumba wetu hadai kodi. Huja tu. Siku ya tatu au ya nne ya Januari, baada ya swala ya alasiri, utamkuta amekaa kwenye benchi la uani, fimbo kati ya magoti, anawauliza watoto wameingia darasa la ngapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona wajukuu zangu wamekua."

Hapo ameshadai. Mkataba unaisha tarehe 15, yeye anajua na mimi najua.

Tunaishi Mbagala, chumba na sebule, mimi, mke wangu na watoto watatu. Kodi ni Sh80,000 kwa mwezi. Ukiitaja hivyo haitishi, hata mtu anayelipwa kidogo anaweza kusema ataimudu. Tatizo ni kwamba hailipwi kwa mwezi. Inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh480,000 siku moja, mkononi, zikihesabiwa mbele yako.

Mkataba wetu ulikuwa unaisha Januari na Julai. Mzazi mwenzangu, nadhani umeshaona shida iko wapi. Shule zinafunguliwa Januari, zinafunguliwa tena Julai. Serikali iliondoa ada kwenye shule za msingi na sekondari za umma tangu 2016, na tunashukuru, lakini sare, viatu, madaftari na michango bado vina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka kodi na shule zilikuwa zinanifuata mlango mmoja, wiki moja.

Januari ya mwaka juzi nilikuwa na Sh190,000. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo huja yanapojisikia kuja. Mke wangu alikuwa anashona nguo kibarazani kwa cherehani yake mwenyewe, aliyokuja nayo tangu kwao. Sikumwambia kwamba fedha haijatimia. Nilimwambia "inshu ya kodi niachie mimi." Wanaume tunaisema sana sentensi hiyo, na mara nyingi tunaisema tukiwa hatuna kitu.

Nilikwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale ambao mikopo yao watu wameibatiza jina la kausha damu. Nilisaini Sh300,000. Wakakata Sh15,000 ya fomu, nikapewa Sh285,000. Nilitakiwa kurudisha Sh390,000 ndani ya wiki nane, Sh48,750 kila wiki. Dhamana waliyoandika ilikuwa cherehani. Niliitaja mimi, kwa mdomo wangu, kama vile ni yangu.

Chukua kalamu upige hesabu niliyoshindwa kuipiga siku ile. Nilikuwa nampa mtu Sh105,000 ili anisaidie kulipa kodi. Hiyo ni zaidi ya kodi ya mwezi mzima, nimelipia nyumba nisiyoishi. Na baada ya kujumlisha na zile zangu nikatafuta Sh5,000 nyingine kukamilisha, mfukoni haikubaki hata ya soksi.

Wiki tatu nililipa. Wiki ya nne sikulipa. Wiki ya tano walikuja vijana wawili na bodaboda, mimi nikiwa kazini. Mke wangu alikuwa anamshonea jirani gauni la harusi, kitambaa bado kiko chini ya sindano. Walimwonyesha karatasi yenye saini yangu. Alikata uzi, akakunja kitambaa, akawapisha.

Nilipofika usiku hakugomba. Ningependa angegomba. Mtoto wetu wa darasa la nne ndiye aliyeuliza: "Baba, wale wajomba watairudisha lini cherehani ya mama?"

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kurasa kama hizi zimejaa ushauri wa kubana matumizi, na mwingi unahusu chakula. Nunua unga kwa wingi, pika maharage ya siku mbili, punguza vocha. Ni sawa, lakini wasomaji wengi mnajua kubana chakula kuliko anayewashauri. Kilichotuangusha sisi hakikuwa nyanya. Tulikuwa tunakula kila siku kwa fedha inayoingia kila siku, halafu mara mbili kwa mwaka tunadaiwa kwa kipimo cha mtu mwenye mshahara mkubwa.

Kwa nini miezi sita? Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya pango, ya 1984, ikiwa na mabaraza yake ya kusikiliza migogoro. Ilifutwa 2005. Tangu hapo mambo yamebaki kwenye makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji, na kwenye makubaliano mwenye ufunguo ndiye mwenye sauti. Ila niseme pia ukweli wa upande wa pili. Mzee wetu ni mstaafu. Nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali, na fedha ya mkupuo ndiyo inayomwezesha kubadilisha bati au kulipia hospitali. Akipewa Sh80,000 kila mwezi itaishia dukani kwa Mangi kama yangu tu.

Julai iliyofuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyetuokoa. Alitoa fedha bila maneno, na hilo lilinichoma zaidi. Usiku ule ndipo mke wangu alipozungumza. Alisema hatakuwa tena mtu wa kusikia habari za nyumba yake kutoka kwa watu wa bodaboda. Tukafungua daftari la mtoto lililobaki kurasa, tukaandika kinachoingia na tunachodaiwa. Mara ya kwanza katika ndoa ya miaka 11.

Kwanza tuliigawa kodi kwa siku. Sh80,000 kwa siku 30 ni kama Sh2,700. Kodi tukaiweka kwenye orodha ya matumizi ya kila siku pamoja na mkaa na mboga. Novemba nikanunua kibubu cha mbao, kile cha kupigiliwa misumari, hakina mlango. Kuna wanaoweka kwenye simu, na kama una nidhamu ni vizuri kwa sababu mwizi haingii. Mimi sina. Fedha ikiwa kwenye simu naikumbuka kila nikipita kwenye chipsi, na makato ya kuitoa nayo yapo. Kibubu kinahitaji nyundo, na nyundo inasikika nyumba nzima.

Mke wangu naye, bila cherehani, alianza kuuza maandazi na barafu. Akajiunga na mchezo wa akina mama kumi, kila mmoja Sh30,000 kwa mwezi. Hapa nataka usome polepole. Wengi tukiingia kwenye mchezo tunagombania namba ya kwanza. Yeye aliomba namba ya Machi, kwa hesabu yake mwenyewe. Kikoba nacho ni hivyohivyo: kabla ya kujiunga uliza mzunguko unaisha mwezi gani na gawio linatoka lini. Fedha nzuri ikija mwezi ambao hudaiwi itapata kazi nyingine, na mara nyingi kazi hiyo ni sofa.

Kwa nini Machi? Kwa sababu tulikuwa tumepanga kuuhamisha mkataba.

Novemba hiyohiyo, miezi miwili kabla ya kudaiwa, tulikwenda kwa mzee wote wawili. Hatukuomba apunguze kodi. Tuliomba Januari atuandikie mkataba wa miezi miwili tu, wa Sh160,000, halafu kuanzia Machi 15 turudi kwenye miezi sita kama kawaida. Hivyo kodi ingedaiwa Machi na Septemba, mbali na kufunguliwa kwa shule.

"Miezi miwili?" akacheka. "Mwanangu, hapa si gesti."

Mke wangu akamweleza mambo ya sare na viatu, akamkumbusha kwamba tumekaa pale miaka minne na choo kilipoziba tulizibua wenyewe bila kumpigia simu. Mzee akanyamaza. Akasema hata yeye Januari wajukuu wanamkaba, ila Machi kuna mvua na paa linavuja, fedha ikija Machi haitamwasi. Tukaandikishana, nakala zikagongwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Usidharau muhuri ule. Siku mzee akilala na watoto wake wakaja kusimamia nyumba, karatasi ndiyo itakayozungumza.

Si kila mwenye nyumba atakubali, najua. Lakini mpangaji anayekuja miezi miwili kabla anasikilizwa tofauti na anayekuja siku ya mwisho ameinamisha kichwa.

Kuhama tulikufikiria pia. Chamazi ndani kabisa tulipata vyumba vya Sh50,000, na Sh30,000 kwa mwezi si haba. Tukaweka nauli kwenye daftari. Gari la ziada kwenda na kurudi lilikuwa Sh1,200 kwa siku, siku 26 za kazi ni Sh31,200. Bado hujamlipa dalali kodi yake ya mwezi mmoja, bado hujakodi kirikuu cha vyombo, na watoto ningewaacha wamelala na kuwakuta wamelala. Tukalifunga daftari.

Jambo jingine ni umeme. Nyumba yetu ina wapangaji sita na mita moja, na ugomvi wa LUKU tunao kama nyumba zote: nani ana friji, nani anapiga pasi ya wiki nzima. Wengi hawajui kwamba mita ya pamoja inaumiza hata kabla ya friji. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Mita inayotumia zaidi huhesabiwa kwenye kundi la kawaida, Sh292 kwa uniti. Familia yenye uniti 40 kwenye mita yake ingetumia Sh4,000. Uniti hizohizo kwenye mita ya pamoja ya watu sita ni Sh11,680. Mita ndogo za kila chumba zinapunguza kelele tu, bei haziigusi. Kama mwenye nyumba yuko tayari kuomba mita nyingine na wapangaji mkachangia, fanyeni hesabu hiyo kwanza, huenda ikalipa.

Kuna na kodi ya majengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021. Ilianza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa Sh1,500. Ni deni la mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Tulimwonyesha mzee ujumbe wa simu. Akasoma, akarudia kusoma, akasema basi taa ya uani ataigharamia yeye. Balbu moja kwa mwaka. Tukakubali, kwa sababu uani palikuwa giza.

Mkaa tunanunua gunia kwa nyumba tatu na kugawana kwa ndoo, badala ya kila mmoja kwenda na kopo lake. Mnunuzi wa kopo ndiye anayelipa zaidi, na mnunuzi wa kopo siku zote ndiye mwenye kidogo.

Watoto tuliwaambia. Si yote. Tuliwaambia kibubu ni cha nyumba yetu, na kwamba mwaka ule viatu vipya ni vya mmoja tu, yule ambaye vya zamani vimepasuka kabisa. Nilidhani watalia. Wa darasa la nne, ambaye sasa ameingia la tano, alitaka kujua tu kama anaruhusiwa kutumbukiza yeye. Ikawa kazi yake. Siku nikirudi mikono mitupu ananiangalia mpaka najieleza.

Na siku hizo zilikuwapo. Kibubu tulichopasua Januari kilikuwa na Sh171,000, pungufu ya tulichopanga, lakini kodi ya miezi miwili ilitoka na Sh11,000 zilizobaki zikaenda kwenye viatu. Cha pili tulikipasua Machi 14 usiku. Tulihesabu sote watano sakafuni, sarafu tukizipanga mafungu: Sh138,500. Mchezo wa mke wangu ulikuwa umeangukia wiki ileile, Sh300,000. Jumla Sh438,500. Tulipungukiwa na Sh41,500.

Zamani ningemwambia aniachie mimi. Safari hii asubuhi tulikwenda wote kwa mzee, na sarafu zetu kwenye mfuko wa sukari. Alihesabu zote, hakuruka hata moja. Kisha akafungua daftari lake na kuandika, akisoma kwa sauti: "Bado elfu arobaini na moja na mia tano." Nilimaliza Aprili, habari mbili zilipolipwa.

Sasa tuko kwenye kibubu cha tatu. Kodi ya Septemba ni kazi yake peke yake, na mtunzaji wake ananidai ya juzi. Kwenye mzunguko mpya wa mchezo mke wangu ameomba namba ya Juni. Nilimuuliza Juni kuna nini, maana kwenye daftari sikuona deni.

"Kuna cherehani," akasema.