Kujitolea na Kusaidiana: Chimbuko la Hisani kwa Wanyama na Wanadamu

Makala haya yanaeleza chimbuko la hisani, yaani tendo linalomgharimu mtendaji na kumnufaisha mwingine, kwa kuchunguza vitenzi viwili: kujitolea na kusaidiana.

Nyuki mtendakazi amchomaye mnyama hufa, naye kwa kawaida hazai. Mwaka 1859 Charles Darwin alikiri ugumu uliopo: sifa za asiyezaa hurithiwaje? W. D. Hamilton alijibu mwaka 1964 kwamba hisani hudumu endapo faida kwa ndugu, ikizidishwa kwa kiwango cha udugu, inazidi gharama.

Miongoni mwa Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, ambao kwa jadi hufuata ukoo wa mama, mjomba huwajibika kwa watoto wa dada yake. Mpwa wa dada wa tumbo moja na baba mmoja hushiriki naye wastani wa robo ya urithi wa kibiolojia. Hapa kanuni ya Hamilton yaelekea kutosha.

Msibani, hata hivyo, mtani asiye ndugu hushughulikia maziko. Robert Trivers, mwaka 1971, alieleza hisani ya namna hii kuwa wema unaorejeshwa baadaye. Kimofolojia, kiambishi -an- katika kusaidiana hubeba dhana hiyo hasa. Katika kujitolea, -ji- humrejelea mtendaji mwenyewe, na -le- huelekeza tendo kwa mnufaika.

Hata hivyo, chimbuko la tendo silo nia ya mtendaji. Mtani huyo hapigi hesabu. Asemaye "amejitolea" hakosei, hata kama biolojia yasema "wamesaidiana": kitenzi cha kwanza chaeleza siku ya msiba, cha pili chaeleza vizazi.