Tandiko la picha laweza kumkosesha muuzaji wa sarafu mteja

KIZURI chajiuza, wanasema wahenga. Lakini sarafu ya zamani haiwezi kujiuza iwapo picha yake imepigwa vibaya.

Katika nyumba nyingi za Zanzibar na pwani ya bara yamo makopo yenye sarafu zilizoachwa na wazee: pesa za shaba za Sultani Barghash za mwaka 1882 zenye picha ya mizani, heller za Wajerumani na shilingi za Afrika Mashariki zenye simba. Anayezikusanya na kuziuza mara nyingi hupata mteja aliye mbali. Mteja huyo haishiki sarafu mkononi. Anachokiona ni picha, na kwa picha hiyo hukadiria bei.

Kosa la kawaida ni kuiweka sarafu juu ya kanga au kitenge. Maua huvuta jicho, na nyuzi za kitambaa huchanganyika na maandishi madogo. Aidha, rangi kali huidanganya kamera. Picha ikijaa wekundu, kamera hujaribu kuusawazisha yenyewe, na rupia ya fedha huweza kuonekana ina ukijani au ubuluu. Mnunuzi makini hutazama rangi kwanza ili ajue kama sarafu imesuguliwa. Akiitilia shaka, hushusha bei au huondoka.

Karatasi nyeupe nayo ina hila yake. Kamera na simu hupima mwanga wa picha nzima. Weupe ukizidi, hupunguza mwanga, na sarafu ya shaba hutoka nyeusi. Tandiko jeusi hufanya kinyume chake: kamera huongeza mwanga na sarafu ya fedha huungua kwa weupe hadi maandishi yakapotea.

Tandiko salama kwa mkusanyiko wenye sarafu za kila aina ni karatasi ya kijivu cha wastani, isiyong'aa na isiyo na mistari. Haiegemei weupe wala weusi, hivyo shaba na fedha zote huonekana karibu na zilivyo.

Sarafu nzima ikiinuliwa kidogo kwa kizibo kidogo kuliko yenyewe, kivuli chake husogea mbali na ukingo, na vumbi la karatasi halionekani sana. Sarafu yenye tundu, kama senti 10 ya Afrika Mashariki, haifai kuwekwa juu ya kizibo, kwani kizibo kitachungulia tunduni. Hiyo ilazwe moja kwa moja kwenye karatasi.

Tandiko likishachaguliwa, lisibadilishwe. Sarafu zote zipigwe juu ya karatasi ileile, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, pande zote mbili, na rula kando. Kwa njia hiyo mteja ataweza kulinganisha heller moja na nyingine bila kuhisi anafichwa jambo.

La mwisho ni la kuzingatia zaidi. Wapo wanaoisugua sarafu kwa majivu au ndimu ili ing'ae kwenye picha. Huko ni kuitupa fedha, kwani wakusanyaji hulipa zaidi sarafu iliyobaki na rangi yake ya uzee. Karatasi ikichafuka hubadilishwa, lakini sarafu iliyosuguliwa hairudi ilivyokuwa.