Mkanda Uliosahauliwa Sandukuni

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako hapo Kigera, au kwa wazee wako kijijini, umo mkanda wa picha uliopigwa zamani na haujasafishwa mpaka leo. Labda ndani yake mna arusi ya dada yako, au sura ya mzazi aliyekwisha fariki. Je, utausafishia wapi?

Zamani jambo hili halikuwa na taabu. Mtu alipeleka mkanda studio, kisha akarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha zake. Simu zenye kamera zilipoenea, kazi hiyo ilififia. Mtambo wa kusafishia mikanda ya rangi hutumia dawa zinazotakiwa kuwa na joto la nyuzi 38 hivi, nazo huharibika hata zisipotumika. Mikanda ikiwa michache, mapato hayatoshi kununua dawa mpya. Wala shida hii si ya Musoma peke yake. Mkanda wa Kodachrome uliacha kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyousafisha, mjini Parsons huko Marekani, iliacha kuupokea mwishoni mwa 2010.

Hata hivyo, usikate tamaa, wala usiufungue mkanda ili kuchungulia. Mwanga utafuta kila kitu. Picha isiyosafishwa ni alama isiyoonekana katika chembe za madini ya fedha, nayo hufifia kwa joto na unyevunyevu. Basi uondoe mkanda chini ya bati lenye joto, uutie katika kopo kavu lenye mfuniko, uuweke mahali pa baridi.

Kisha mtafute mjuzi. Mkanda wa nyeusi na nyeupe huweza kusafishwa kwa mkono, bila mtambo. Mpiga picha mzee wa mtaani kwenu huenda angali anaikumbuka kazi hiyo, ingawa dawa itabidi kuagizwa. Ule wa rangi, ulizia kwanza kwa simu katika miji mikubwa kabla ya kumkabidhi msafiri.

Na negativu zilizokwisha safishwa usizitupe. Ziweke mbele ya mwanga mweupe, uzipige picha kwa simu, na programu itageuza weusi kuwa weupe.

Fanya hivyo mapema, wakati wangalipo wazee wa kukutajia majina ya waliomo. Picha isiyo na wa kuitambua ni karatasi tu, na majuto ni mjukuu.