Meza ya Sauti Inayokumbuka

Zamani tukimaliza kuchanganya wimbo tuliandika karatasini kila kidhibiti kilipokaa. Karatasi ikipotea, wimbo haurudi ulivyokuwa. Mimi niliwahi kuipoteza. Mwimbaji alitokwa machozi.

Meza za kidijitali, kama Yamaha 02R iliyotoka mwaka 1995, ziliondoa adha hiyo. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, na mpangilio wote huwekwa katika kumbukumbu. Ukiuita, vidhibiti vya sauti husogezwa na mota ndogo hadi vilipokuwa, bila kuguswa.

Lakini tahadhari: katika meza hizi sifuri ndiyo dari. Sauti ikiigonga hukatwa kichwa, hukwaruza, na ikisharekodiwa hivyo imeharibika. Mashine inakumbuka, ndugu msikilizaji. Kusikiliza kumebaki kwetu.