Uzito wa Mume na Chungu cha Nyumbani

Katika vijiji na miji yetu ya Kivu iko desturi ya kupima ndoa kwa macho. Kijana akioa, watu wanangoja miezi michache, kisha wanamwangalia. Kama mashavu yamejaa na mukaba umesogezwa tundu moja, wanasema: "Muke wake anamutunza vizuri." Kama amebaki vile alivyokuwa, wanaulizana kwa sauti ndogo: "Yule muke hajui kupika?" Hivi muke anahukumiwa kwa tumbo la mume wake. Hukumu hii si ya haki, tena inaleta hatari ndani ya nyumba.

JE, NI KWELI KWAMBA NDOA INANENEPESHA WANAUME?

Mara nyingi ni kweli, wala si kwetu tu. Katika mwaka 2017 Joanna Syrda, mwalimu wa chuo kikuu cha Bath katika Uingereza, alitangaza hesabu aliyoifanya juu ya familia za Marekani toka mwaka 1999 hata 2013. Aliona kwamba wanaume wenye ndoa walizidi wale wasio na ndoa kwa karibu kilo 1.4. Aliona vilevile kwamba uzito wa baba unapanda katika miaka ya kwanza kisha kuzaliwa kwa mutoto.

Katika mwaka 2025 wanganga wa moyo wa Warsaw, katika Polandi, walitangaza habari za watu 2,405 waliopimwa. Kwa wanaume wenye ndoa, unene mukubwa ulielekea kupatikana mara 3.2 kuliko kwa wanaume wasio na ndoa. Kwa wanawake hawakuona tofauti hiyo. Basi inafaa kuuliza: kwa sababu gani mume?

SABABU ZINAZOONEKANA KATIKA NYUMBA ZETU

Kwanza, chakula kinapikwa kila siku. Kijana anayekaa peke yake anakula mukate njiani, na siku nyingine analala na chai tu. Akioa, anakuta bugali na sombe kila jioni. Sombe ni mboga njema, lakini tunaipika na mafuta ya mawese. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120. Ndiyo nguvu ambayo mutu mwenye kilo 70 anaitumia akitembea karibu nusu saa. Muke anayetaka kuonyesha upendo anaongeza mafuta, na hakuna anayehesabu vijiko.

Pili, kuacha chakula katika sahani kunaonekana kama kumudharau mupishi. Mume ameshiba, lakini muke anasema: "Baba, umekula kidogo. Uko mugonjwa?" Naye anaongeza matonge matatu kwa ajili ya amani.

Tatu, kazi ya mwili inapungua. Kijana alicheza mupira kila siku ya posho. Baba wa watoto anapanda pikipiki hata kwa kwenda soko. Usiku mutoto analia, baba hapati usingizi wa kutosha. Na mutu asiyelala vizuri anasikia njaa kupita kawaida.

Ine, vinywaji. Chupa kubwa ya bia, ile ya santilita 72, ina karibu kalori 300. Soda ya santilita 30 ina sukari karibu vijiko vidogo 8. Vitu hivi havipikwi na muke. Mume anavinunua mwenyewe akitoka kazini. Basi tusimuhesabie muke kilo ambazo mume alizitafuta njiani.

UZITO UNAINGIA KIMYA

Tuseme kijana mwenye urefu wa mita 1.70 anaoa akiwa na kilo 65. Anaongeza kilo moja tu kila mwaka. Hakuna anayeiona, hata yeye mwenyewe. Kisha miaka 15 ana kilo 80, na wanganga watasema amepita kipimo. Kisha miaka 22 ana kilo 87, na sasa anahesabiwa kuwa na unene wa ugonjwa. Unene huu unamuelekeza kwa ugonjwa wa sukari, kwa ugonjwa wa tansio (damu kusukumwa kwa nguvu kupita kiasi), kwa ugonjwa wa moyo na kwa maumivu ya magoti. Tansio na sukari vinaweza kukaa ndani ya mutu miaka mingi bila kumuumiza. Siku nguvu zinapomuishia, shamba linabaki bila mulimaji, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa franga za masomo.

Mutu asiye na mizani anaweza kujipima kwa kamba. Simama wima, mutu mwingine akate kamba iliyo sawa na urefu wako. Ukunje kamba hiyo mara mbili, kisha uizungushe tumbo karibu na kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Kama ncha zinakutana, ni vizuri. Kama hazikutani, tumbo limepita kipimo. Usikasirikie kamba, njoo hospitali upimwe sukari na tansio.

BABA MUNENE, MUTOTO MWENYE BWAKI

Sasa tuseme jambo la huzuni. Iko nyumba ambamo baba anaongezeka na mutoto anaugua bwaki, na wote wanakula kwa chungu kimoja. Nyama, yai na samaki vinatengwa kwa baba. Mutoto anapewa bugali na muchuzi. Mutoto mwenye bwaki anaweza kudanganya macho, sababu miguu na uso vimevimba, na mugeni anasema: "Mutoto amenona!" Si mafuta, ni maji. Nywele zake zinageuka rangi, ngozi inabanduka, hana furaha ya kucheza, hataki kula. Mutoto wa namna hiyo apelekwe hospitali leo, asingoje kesho.

Ninyi wababa, kupunguza sehemu yenu si kupunguza heshima yenu. Kipande cha samaki kinachoongeza tumbo lako kinaweza kusimamisha mutoto wako kwa miguu yake. Yule aliyeachishwa maziwa karibuni, na mama mwenye mimba, wapewe maharagi, ndagala na mayai mbele ya wengine.

NA MUME AKIKONDA?

Wanaume wengi wanaogopa kupunguza uzito, sababu watu watasema wana sida, ao muke amewanyima chakula. Tutenganishe mambo mawili. Mutu aliyepunguza mafuta na pombe, anayetembea, mwenye nguvu za kazi, huyo amekonda kwa afya. Lakini mutu anayekonda bila kutaka, anayekohoa majuma mawili ao zaidi, anayetoka jasho usiku, ao anayekunywa maji sana na kwenda kukojoa mara nyingi, huyo apimwe upesi. Anaweza kuwa na kifua kikuu, ao sida, ao ugonjwa wa sukari. Magonjwa haya yako na dawa, lakini masengenyo hayaponyeshi mutu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Pima mafuta kwa kijiko. Usimimine toka chupa. Punguza kidogo kila juma, na ulimi utazoea.
2. Lengalenga, matembele na maharagi vijaze nusu ya sahani ao zaidi. Tonge la bugali liwe dogo.
3. Mume akisema, "Nimeshiba," muke asiongeze. Na mume amushukuru kwa kinywa, si kwa kula kupita shibe.
4. Tembea kwa haraka nusu saa kila siku, siku tano kwa juma. Kwenda kanisani kwa miguu na familia ni dawa isiyo na bei.
5. Kiu ikatwe kwa maji safi.
6. Mutu anayemeza dawa za sukari ao tansio asiziache kwa sababu amepunguza uzito. Amuulize munganga kwanza.

Ndoa yenyewe si adui wa afya. Wanaume wenye ndoa, kwa kadiri, wanaishi kupita wale wanaokaa peke yao, na mara nyingi ni muke anayemusukuma mume aende kupimwa. Siku ya arusi wawili waliahidi kutunzana, na kutunzana si kushibishana tu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Katika chungu chetu, nani anapata samaki wa kwanza? Vijiko vingapi vya mafuta vinaingia katika sombe yetu? Tangu arusi, mukaba wa baba umesogea matundu mangapi? Na ni nani kati yetu ambaye hajapimwa tansio mwaka huu?